Ukaguzi wa Milangoni katika Maduka Makubwa ya Nairobi: Tathmini ya Mteja

Kabla mteja hajafika kwenye rafu wala kuuliza bei ya kitu chochote katika maduka makubwa ya Nairobi, hupewa kwanza huduma ambayo hakuiomba na ambayo haionekani kwenye risiti, ingawa gharama yake imo ndani ya bei ya kila bidhaa anayoinunua. Mwenye gari hufungua buti huku askari akipitisha kioo chini ya gari. Anayekuja kwa miguu hupita katika fremu ya kugundua vyuma, hufungua mkoba wake juu ya meza, kisha hupitishiwa kifaa cha mkononi mabegani na kiunoni. Watu wengi huichukulia huduma hii kama sehemu ya mlango tu. Mimi naona inastahili kupimwa kama tunavyopima usafi wa mkahawa au uaminifu wa duka, kwa sababu kwa wakazi wengine wa jiji hili ndiyo inayoamua kama watarudi dukani au la.

Sababu ya kuwapo kwake haina ubishi. Tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye silaha kutoka kundi la al-Shabaab waliingia katika jengo la Westgate, Westlands, siku ya Jumamosi ambapo familia zilikuwa zimejaa humo, wakaua watu 67 katika mashambulizi yaliyochukua siku kadhaa kumalizika. Jengo hilo lilifunguliwa tena Julai 2015. Walinzi walikuwapo milangoni hata kabla ya siku hiyo, lakini baada yake ukaguzi uligeuka kuwa desturi ya jiji zima, kuanzia hoteli na ofisi hadi makanisa. Nimesimama katika foleni hizo pamoja na watu wa kila aina na ni nadra kusikia mtu akilalamikia muda anaopoteza. Walinzi wenyewe husimama tangu alfajiri hadi jioni kwa ujira mdogo, na wakiwa wachangamfu na wepesi, kama wengi wao walivyo, huduma hii huwa nzuri kabisa.

Kasoro yake ni kwamba haitolewi sawa kwa wote.

Mara nyingi mimi huenda kununua vitu pamoja na jirani yangu, Mkenya wa asili ya Kisomali, mama mtu mzima anayevaa jilbabu na ambaye mtaani sote humwita Mama Hodan. Katika jengo moja ambalo sitalitaja, mlinzi aliutazama mkoba wangu kwa nusu jicho, akaniambia, "Karibu, mama." Mama Hodan aliyekuwa nyuma yangu aliambiwa asimame pembeni. Mkoba wake ulimwagwa mezani, kitambulisho chake kikageuzwa mbele na nyuma, akaulizwa anakwenda duka gani na atakaa humo muda gani, wakati watu wengine kadhaa wakipita kando yake bila hata kifaa cha mkononi kuwagusa. Nilipomuuliza mlinzi kwa nini mimi sikuulizwa, alinijibu kwa upole, "Ni maagizo, mama, wewe pita tu." Mama Hodan hakusema neno. Alikusanya vitu vyake, akafunga mkoba, na tulipofika ndani akaniambia kwamba amekwisha kuzoea. Kuzoea huko ndiko kunakoniumiza zaidi, kwa maana raia aliyezaliwa Garissa na kuzeeka Nairobi hakupaswa kulazimika kuzoea jambo kama hilo.

Mtu anaweza kusema kwamba usalama una bei yake, na kwamba washambuliaji walijitambulisha kwa dini yao wenyewe, kwa hiyo mlinzi hana budi kuangalia upande huo. Hoja hii naisikia kila mara baada ya shambulio, kwenye matatu na hata katika mikutano ya watu wa dini, na nataka kuijibu kwa kipimo chake chenyewe, yaani kazi ya kumkamata mhalifu. Mwaka 2011 Elgiva Bwire Oliacha alihukumiwa kifungo cha maisha baada ya kukiri makosa yaliyohusiana na mashambulizi ya maguruneti jijini Nairobi. Alikuwa kijana wa magharibi mwa Kenya aliyelelewa katika familia ya Kikristo na kusilimu baadaye. Mmoja wa walioshambulia jengo la DusitD2 tarehe 15 Januari 2019, ambako watu 21 waliuawa, alikuwa Ali Salim Gichunge, mtoto wa mwanajeshi wa Kenya. Watu hawa wawili wangepita katika mlango ule wa jirani yangu wakiambiwa karibu, kama nilivyoambiwa mimi. Na miongoni mwa waliouawa DusitD2 walikuwamo marafiki wawili, Wakenya wa asili ya Kisomali, waliokuwa pamoja katika mkahawa wa hapo saa ya chakula cha mchana. Mlinzi anayepima watu kwa mtandio amekwisha kuacha kupima mikoba, na huo ni upungufu wa ulinzi kabla haujawa upungufu wa adabu.

Siwalaumu walinzi peke yao, kwa kuwa wamejifunza kwetu. Novemba 2012, matatu ilipolipuliwa Eastleigh, makundi ya vijana yaliwageukia Wasomali wa mtaa huo, wakavunja maduka na kupiga mawe nyumba za watu ambao hawakuhusika kwa lolote. Aprili 2014 serikali ilianzisha operesheni iliyoitwa Usalama Watch, na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakakamatwa na kupelekwa kuchunguzwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, IPOA, iliikosoa operesheni hiyo baadaye. Wakati huo wengi wetu tulinyamaza, na baadhi yetu walishangilia. Mshambuliaji akiwa na jina la Kiislamu, swali la kwanza midomoni mwa watu huwa juu ya msikiti aliosali, na Waislamu wa mtaa mzima hutakiwa walaani tendo ambalo tayari wamelilia misibani kama sisi wengine. Haikumbukwi kwa wepesi huo huo kwamba siku ya Westgate, miongoni mwa raia walioingia na bastola zao kuwatoa watu ndani ya jengo, alikuwamo Abdul Haji, Mwislamu wa asili ya Kisomali ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa.

Kuna tukio ambalo natamani kila meneja wa ulinzi alifahamu kabla ya kuwapa walinzi wake maagizo. Novemba 2014 al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, walisimamisha basi jingine lililokuwa likielekea Mandera na kudai abiria wajitenge tena kwa dini. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa Wakristo hijabu zao wajifunike, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote pamoja au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku hiyo, na mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi akiwa miongoni mwa waliokataa kuwatenga wenzao, alifariki Nairobi Januari 2016. Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani baada ya kifo chake. Katika basi lile wenye bunduki walishindwa kwa sababu vazi lilikoma kuwaonyesha nani ni nani. Hijabu iliyowaficha Wakristo wale barabarani ndiyo hiyo hiyo inayomfanya Mama Hodan asimamishwe pembeni katika duka la Nairobi, na mlinzi anayewatenga wateja kwa namna hiyo, hata akiwa na nia njema kiasi gani, anawapanga kwa alama ile ile waliyoitaka wale wenye bunduki. Naisema kauli hii nikijua uzito wake.

Ubora niliouona upo pia, na si wa gharama kubwa. Katika jengo jingine la Westlands kila mkoba hufunguliwa, wa mwenye tai na wa mwenye kanzu, na askari husalimu kabla ya kugusa chochote. Pana kibanda chenye pazia na askari wa kike ndani yake, hivyo mwanamke aliyejifunika haombwi kujifunua mbele ya foleni ya wanaume. Foleni huenda haraka kuliko katika jengo lile la kwanza, kwa kuwa hakuna anayesimamishwa kubishana. Milango ya Eastleigh niliyopita mimi ilinipendeza pia: kila mtu hukaguliwa kwa muda mfupi ule ule, na mimi nisiyejifunika sikupewa upendeleo wala kutiliwa shaka. Mama Hodan hununua nguo na mazulia yake huko sasa, na sidhani kwamba bei nafuu ndiyo sababu pekee.

Kwa kipimo changu, jengo la Westlands linastahili nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa mteja apeleke wapi malalamiko yake. Lile la kwanza nalipa nyota moja, na nyota hiyo ni ya mlinzi aliyenijibu kwa upole. Wasimamizi wake hawawezi kujitetea kwamba jengo ni mali ya mtu binafsi, kwa kuwa Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamkataza mtu yeyote, wala si serikali pekee, kumbagua mwenzake kwa msingi wa dini, asili au mavazi, na neno mavazi limo humo waziwazi. Kampuni za ulinzi nazo zina mamlaka yake ya kuzisimamia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Kwa mteja mwenzangu ambaye huambiwa karibu na kupita, ninalo ombi moja la kufanywa pale pale mlangoni. Ukiona aliye nyuma yako ametolewa kwenye foleni, rudi, weka mkoba wako mezani na uombe ukaguliwe kama yeye. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo mlinzi alisita, akautazama mkoba wangu, akaufungua, kisha akamwita aliyefuata naye afungue wake.