Albamu za Metallica: ipi ununue kwanza ukijali sauti

Kati ya 1983 na 2023 Metallica, bendi ya muziki wa metali ya Marekani, wametoa albamu 11 za studio. Mtu akiuliza aanze na ipi, wengi humjibu kwa kumtajia nyimbo. Mimi nimezipanga kwa sauti: ala zilivyorekodiwa, zilivyomiksiwa (yaani kuchanganywa na kusawazishwa), na kazi nzima ilivyomastiwa (yaani kupewa umaliziaji wa sauti baada ya kuchanganywa). Sikio langu limelelewa na muziki wa dansi, ambamo besi ndiyo humnyanyua mtu kwenye kiti, kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni hicho: besi naisikia, au naitafuta?

Namba moja ni ile ya 1991 yenye jina la bendi yenyewe, ambayo watu huiita albamu nyeusi kwa sababu ya jalada lake. Prodyuza alikuwa Bob Rock, na aliyemiksi ni Randy Staub. Walikaa studio ya One on One, Los Angeles, kuanzia Oktoba 1990 hadi Juni 1991. Miksi ilirudiwa mara tatu, gharama ikafika dola milioni moja, na fedha hizo zinasikika. Kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, inagonga kifuani, besi ya Jason Newsted inatembea chini ya magitaa bila kumezwa, na sauti ya mwimbaji James Hetfield imesimama mbele kabisa. Ukiwa unanunua spika pia, mwombe muuzaji apige "Sad but True" kabla hujatoa pesa. Magitaa yake yameshushwa nyuzi, hivyo spika dhaifu itakoroma mapema. CD iliyotumika ya miaka ya 1990 inatosha, mradi haina mikwaruzo.

Namba mbili najua nitapingwa: Load, ya 1996. Nyimbo zake ziliwagawa mashabiki, na ubishi huo ukawafanya wengi wasisikilize jinsi ilivyorekodiwa vizuri. Kabla yake, Hetfield, ambaye pia ni mpiga gitaa, alizoea kupiga magitaa yote ya mdundo peke yake. Humu Kirk Hammett, mpiga gitaa mwenzake, naye alipiga, kwa hiyo spika ya kushoto na ya kulia zinabeba mikono miwili tofauti. Muziki unapata nafasi ya kupumua. Ukiipenda, Reload ya 1997 ni ndugu yake wa karibu.

Master of Puppets (1986) ni ya tatu kwa sauti, ingawa kwangu ni ya kwanza kwa nyimbo. Ilirekodiwa na Flemming Rasmussen katika studio ya Sweet Silence, Copenhagen, ikamiksiwa na Michael Wagener. Ngoma zina mwangwi wa miaka ya 1980, lakini magitaa yamepangwa tabaka juu ya tabaka na hayavurugiki. Sikiliza "Orion" kwa hedifoni umsikie Cliff Burton, mpiga besi wao wa kabla ya Newsted, aliyefariki katika ajali ya basi nchini Sweden Septemba mwaka huohuo. Angalizo kwa wanunuzi wa santuri: albamu ina karibu dakika 55. Zikibanwa kwenye sahani moja, mifereji inasogeana na besi inapungua. Lipo toleo la sahani mbili za mizunguko 45 kwa dakika. Ukilipata, lichukue hilo.

Ride the Lightning (1984), ya studio hiyohiyo, inafuata kwa karibu. Ule mngurumo unaofungua "For Whom the Bell Tolls" wengi hudhani ni gitaa, kumbe ni besi ya Burton. Kill 'Em All ya 1983 inunue kwa ajili ya kasi yake. Hardwired ya 2016 na 72 Seasons ya 2023 ni safi, ila zina kelele inayochosha sikio mapema.

Sasa ...And Justice for All, ya 1988. Anayeisikia mara ya kwanza hudhani spika imekatika waya, maana besi karibu haipo. Newsted alipiga, na alipiga vizuri. Steve Thompson, aliyemiksi pamoja na Michael Barbiero, ameeleza kwamba ni Lars Ulrich, mpiga ngoma, aliyetaka besi ishushwe. Usidanganyike na toleo lililomastiwa upya mwaka 2018 ukidhani besi imerudi. Anayemasta hupokea wimbo uliokwisha kuchanganywa. Akivuta besi juu, kiki na magitaa mazito yanapanda nayo. Dawa ingekuwa kumiksi upya, na bendi haikufanya hivyo. Nyimbo zake bado zinanigusa sana, lakini isiwe ununuzi wako wa kwanza.

Mkiani ziko mbili. St. Anger (2003) inajulikana kwa sneya, ile ngoma ndogo yenye waya chini, inayolia kama debe, kwa kuwa waya hizo ziliachwa zimelegezwa. Death Magnetic (2008) inaniuma zaidi, kwa sababu uchezaji wake ni mzuri mno. Sauti ilisukumwa juu hadi vilele vya mawimbi yake vikakatika na muziki ukaanza kukwaruza. Mashabiki zaidi ya 10,000 walitia saini kuomba imiksiwe upya, na aliyeimasta, Ted Jensen, alisema nyimbo zilimfikia zikiwa tayari zimebanwa. Nyimbo hizohizo ziliingia kwenye gemu ya Guitar Hero III bila ukwaruzaji huo. Kasoro iliyo ndani ya miksi haiondoki kwa kununua santuri ghali badala ya CD, kwa hiyo hii chukua nakala ya bei rahisi kuliko zote utakayoikuta.