Jengo jipya la huduma Kigoma mjini: zuri kwa macho, ila mama mdogo wangu kaingia kwa kubebwa

Mwakeye ndugu zangu. Natoa nyota 2 kati ya 5 na ntaeleza kwanini, maana ukiliona hilo jengo kwa nje utajiuliza huyu anataka nini tena, marumaru zinang'aa, madirisha ya aluminiamu, feni zinafanya kazi, viti vya kusubiria vipo vya kutosha na foleni inaenda kwa namba sio kwa kujuana. Ofisi ni ya umma, jina silitaji, sijaja kumchafua mtu.

Nilimpeleka mama mdogo. Anakaa Ujiji, miaka mingi kauza mawese sokoni pale wengi wanamjua, afu sukari ikamtafuna mguu mpaka ukakatwa, sasa anatumia kiti mwendo. Siku hiyo alikuwa anatakiwa aende mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole za kitambulisho, hakuna kutuma mtu. Kaoga mapema, kavaa kitenge chake kizuri, tukachukua bajaji, kiti tukakikunja nyuma.

Tabu ilianzia getini. Kutoka geti mpaka mlangoni wamemwaga kokoto, nzuri kwa magari, ila yale matairi madogo ya mbele ya kiti yanazama yanakwama, nikawa namvuta kinyumenyume kama mkokoteni. Mbele ya jengo kuna mtaro wa maji ya mvua, na Kigoma mnaijua mvua ikinyesha maji yanavyoshuka kutoka juu, kwahiyo mtaro lazima uwepo, lakini pale mbele ya rampu, ile njia ya mteremko ya kupandishia kiti badala ya ngazi, hawakuweka mfuniko. Rampu ipo, inaanzia ng'ambo ya mtaro. Yaani ili uifikie uruke mtaro kwanza.

Tukauruka, mlinzi akanisaidia kukinyanyua kiti. Sasa hiyo rampu yenyewe. Mlango una ngazi sita, nilizipima kwa futi kamba siku ya pili niliporudi peke yangu, kila moja sentimita 15, jumla 90. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni moja kwa kumi na mbili, yaani ukipanda sentimita 1 kwenda juu unatakiwa uwe na sentimita 12 za urefu, kwahiyo kwa 90 rampu inatakiwa iwe karibu mita 11. Ile ina mita 3. Mita tatu! Na juu yake wameweka marumaru zilezile zinazoteleza za ndani, hakuna chuma cha kushika upande wowote, pembeni hakuna hata ukingo wa kuzuia tairi lisichomoke. Mimi nina nguvu zangu nikajaribu kusukuma, katikati viatu vikaanza kuteleza, kiti kikaanza kurudi nyuma na mama mdogo akapiga kelele. Moyo wangu mpaka leo nikikumbuka unaenda mbio.

Vijana wawili wa bodaboda wakaja mbio, Mungu awabariki, wakamshika mmoja huku mmoja huku wakambeba juujuu kupandisha ngazi mbele ya watu wote waliokaa kwenye viti, kitenge kikawa kinapanda, yeye mkono mmoja kamng'ang'ania kijana shingoni na mwingine anajaribu kujisitiri. Mama wa miaka 64 huyo. Alipokaa hakusema kitu muda mrefu, afu akaniambia taratibu, "Mwanangu, kumbe ningekaa tu nyumbani."

Ndani tukakuta huduma yenyewe iko ghorofani. Lifti hakuna.

Hapa lazima nitende haki, wahudumu wale ni watu. Binti mmoja alipoambiwa alishuka na mashine mwenyewe mpaka chini, akampa shikamoo, akachuchumaa pembeni ya kiti akachukua alama za vidole bila haraka, nyota zote mbili nilizotoa ni zake na za ile foleni ya namba, maana namba zinaandikwa kwenye skrini na zinatangazwa kwa sauti pia, kwahiyo asiyesikia anasoma na asiyeona anasikia. Hilo wamelifanya vizuri sana. Lakini binti akiwa likizo je? Tunategemea moyo wa mtu mmoja kwenye jengo lililojengwa kwa kodi zetu wote, na mama mdogo kalipa ushuru wa soko miaka na miaka.

Choo kina picha ya kiti mwendo mlangoni, nikafurahi. Kufungua kumejaa ndoo, mafagio na maboksi ya karatasi, na hata vingetolewa bado mlango una sentimita 70 na unafungukia ndani, kiti kikiingia mlango haufungi. Kaunta ya mapokezi ni ndefu mpaka kifuani kwa mtu aliyesimama, aliyekaa kwenye kiti anaona ubao tu.

Sasa kilichonifanya nikae chini kuandika ni maongezi na binamu yangu, ambaye ni fundi na saiti za serikali amefanya nyingi. Nilianza kumlaumu mkandarasi, nikasema hawa wamekula pesa ya rampu. Akaniambia hapana kaka, mkandarasi anajenga kilichoandikwa kwenye BOQ, yaani ile orodha ya kazi, vipimo na bei zake, na kwenye mchoro, na BOQ nyingi alizoziona yeye ngazi zimeandikwa kila kitu, upana, kimo, nondo za milimita ngapi, lakini ikifika rampu unakuta mstari mmoja, rampu, idadi moja, basi. Mkandarasi anajenga rampu moja popote ilipobaki nafasi, inahesabiwa ipo, inalipwa. Hakuna aliyeiba. Nilinyamaza kwakweli, maana inauma zaidi kuliko wizi, mwizi angalau unamtafuta.

Akaongeza jambo ambalo nilikuwa silijui. Jengo likikabidhiwa kuna kipindi cha matazamio, kuna pesa ya mkandarasi huwa inazuiwa mpaka kasoro zirekebishwe, ukuta ukipasuka au paa likivuja anarudishwa arekebishe kwa gharama zake. Lakini rampu kali sio kasoro kama mkataba haukusema iwe na mwinuko gani. Ukimwita atakuonyesha karatasi, na atakuwa sahihi. Ukitaka ibomolewe ni kazi mpya, na hela mpya inatoka kwetu haohao.

Nchi yetu sheria ipo, ndo kinachoniumiza. Tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2009, ibara ya 9 inaongelea haya haya ya kufikika kwa majengo, mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, nayo inataka majengo ya umma yafikike. Zabuni za serikali sasa hivi zinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali wa mtandaoni, na kwenye manunuzi ya umma makundi maalum, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, wametengewa asilimia 30. Ni jambo jema na lisiguswe. Ila hiyo inamsaidia mwenye ulemavu kuuza, haimsaidii kuingia mlangoni. Anaweza akashinda zabuni ya kuleta viti afu akashindwa kupanda kwenda kusaini.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya kwenye sheria yao ya manunuzi ya 2014 waliweka wazi kwamba kitu kinachonunuliwa au kujengwa ili watu wakitumie, vigezo vya kiufundi viandikwe tangu mwanzo kwa kuwafikiria wenye ulemavu, na ukiacha uwe na sababu ya kueleweka. Marekani wana sheria ya tangu 1968 inayohusu majengo yanayojengwa kwa hela ya serikali kuu yao. Hawakuishia kusema tuwapende walemavu, wameifunga kwenye karatasi ya kazi. Na hicho ndo nakiomba mimi, kwenye hati ya zabuni iandikwe rampu moja kwa kumi na mbili, upana mita 1.2, chuma cha kushika pande zote mbili, sakafu ya kuparuzwa isiteleze, mfuniko kwenye mtaro, mlango sentimita 90, choo chenye mita 1.5 ya kugeuzia kiti na mlango ufungukie nje, kila kitu na bei yake. Na siku ya makabidhiano, kabla mtu hajasaini, aletwe anayetumia kiti mwendo aingie mwenyewe kutoka getini mpaka chooni mpaka kaunta, na asiyeona aingie na fimbo yake. Wasipofika, hati isisainiwe na malipo yasubiri. Mkandarasi akijua hilo tangu anaweka bei, ataijenga rampu vizuri, sio kwa huruma, kwasababu ameipigia hesabu.

Na msiniambie ni gharama au hatuna wataalam. Huku kwetu kuna zahanati ilijengwa kwa mafundi wa hapahapa, vifaa vikinunuliwa kidogokidogo, kwenye kamati ya ujenzi alikuwepo mzee mmoja anayetumia kiti mwendo. Siku ya kumwaga msingi alikuja na kamba, akawaambia pimeni kimo, pigeni mara kumi na mbili, haitoshi kwenda moja kwa moja basi ikunje kona. Ikakunja kona. Saruji wameiparuza na fagio la chelewa kabla haijakauka, haitelezi hata mvua ikinyesha, na wanaoifaidi zaidi ni kina mama wajawazito na wenye watoto mgongoni, wanaipita hiyo wanaziacha ngazi. Mzee hakuwa injinia, alikuwepo tu mapema, kabla zege halijamwagwa.

Turudi kwenye jengo letu, kuna kitu nilikigundua ile siku ya kupima. Limejengwa kwenye mteremko kama nusu ya mji wetu ulivyo, kwahiyo nilizunguka mpaka barabara ya juu, nikakuta mlango wa nyuma wa kushushia mizigo uko sawa kabisa na ghorofani. Palepale kwenye chumba cha alama za vidole! Kizingiti tu cha sentimita 20, kinataka rampu ya mita 2 na nusu. Yaani kilima kilishawapa njia bure, angekuwepo mtu wa kuuliza swali wakati mchoro uko mezani mama mdogo asingebebwa. Mlango umefungwa kwa kufuli na mbele yake kuna jenereta, lakini upande wa kushoto panapita kiti, nimepima, sentimita 95.

Nimeandika barua kwa mkuu wa ofisi nikaambatanisha vipimo vyote na picha. Nimeomba vitatu vya haraka visivyosubiri bajeti kubwa: mfuniko wa mtaro, choo kiondolewe ndoo, na ule mlango wa nyuma ufunguliwe siku za kazi na kuwekwa rampu ya pale kizingitini. Rampu ya mbele najua itachukua muda, ila isiachwe vile, kuna mtu ataanguka na kuumia.

Kwa anayempeleka mzazi au mgonjwa pale wiki hizi: usiingilie geti kuu. Mwambie wa bajaji apite barabara ya juu akushushe nyuma, tangulia wewe ndani ukaombe ufunguo kwa mtunza stoo, mlinzi atakuelekeza, na mbebee mgonjwa wako mbao pana ya kama mita 2 na nusu ya kuweka kizingitini, ya kwetu nimeshaikata iko uani. Kitambulisho kinatoka mwezi ujao. Mama mdogo alikuwa amesema harudi tena pale, nilipomwambia habari za mlango wa nyuma akauliza, "Hakuna wa kunibeba?" Nikamwambia hakuna mama. Akasema basi atakifuata mwenyewe.