Mdunguaji wangu kafungiwa stoo: uzoefu wangu na mchezo wa mezani hapa Mtwara

Nyota moja, na hiyo moja ni ya ming'oko, ile mizizi ya porini. Yule mama anayeiuza pale mlangoni anaichemsha ikaiva sawasawa, chumvi na pilipili pembeni, na hana kosa lolote katika haya ninayokwenda kusema.

Kwa wasiojua: kuna jamaa upande wa Shangani anakodi chumba nyuma ya duka, na Jumamosi jioni anaendesha Dungeons & Dragons. Unalipa elfu tatu, mnakaa mezani, yeye anasimulia, nyinyi mnaamua wahusika wenu wafanye nini, na dadu ya pande 20 inaamua kama mmeweza. Mchezo wenyewe ni wa tangu 1974, wa Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Mimi niliujulia chuo. Huku kwetu kumpata mtu anayejua kuuendesha ni kama kupata dafu kiangazi, basi niliposikia yupo nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Ndiyo maana nimekasirika hivi.

Nilikwenda na mdunguaji. Niacheni nieleze nilivyomjenga, maana bila hivyo hamtaelewa kilichoharibiwa.

Wengi wakitaka mdunguaji wanakimbilia wahusika wa aina ya Fighter (mpiganaji) au Ranger (mwindaji), wanampa upinde mkubwa, anapiga mara mbili kwa zamu, wameridhika. Mimi huyo simwiti mdunguaji. Mdunguaji anapiga mara moja na hiyo moja inasikika. Nikachukua Rogue, yule mwizi mnyatiaji, kwa kanuni za 2014 ambazo ndizo zinazotumika pale. Taabu ya Rogue ni kwamba upinde mkubwa hajafundishwa. Anaujua mdogo tu, na huo ukivuka futi 80 shabaha inayumba. Dawa yake ni kumfanya wa kabila la Wood Elf. Hawa wa porini upinde mkubwa ni mila yao, futi 150 bila jasho, na mpaka 600 kwa kubahatisha. Tena wanaweza kujificha kwenye majani, mvua au ukungu mtupu, mahali ambapo mwingine angehangaika kutafuta ukuta.

Levo ya nne sikuongeza wepesi, nikachukua kipaji cha Sharpshooter. Kinafuta adhabu ya umbali, kinapuuza vizuizi isipokuwa adui awe amefunikwa kabisa, na kinakuruhusu kutoa 5 kwenye kulenga ili uongeze 10 kwenye madhara. Kufika levo ya tano, mshale wangu mmoja ukiwa na Sneak Attack ndani yake (madhara ya ziada ya Rogue anapopiga kwa kuvizia), wastani wa madhara ni 28. Ila hiyo 5 inauma. Kwa adui mwenye kinga 15, yaani namba ambayo dadu na nyongeza zangu lazima ziifikie, nikipiga peupe nampata mara 35 katika 100. Nikiwa nimejificha narusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, inapanda hadi karibu 58. Mhusika wa namna hii anakula kwa nafasi na kificho. Ukimnyima vyote viwili umebaki na mtu mwembamba aliyebeba kuni.

Mwanzo ulikuwa mtamu, siwezi kudanganya. Jamaa anajua kuchora. Ramani yake ilikuwa nyuma ya kalenda ya ukutani, ngome ya pwani ambayo yeyote aliyewahi kushuka Mikindani angeitambua: ndilo lile Boma la Wajerumani la 1895, kabadilisha jina tu. Kuta nyeupe, na mnara. Mnara, jamani! Nilipouona nikajua leo nimekuja siku yangu.

Tukaanzia nje, katikati ya minazi, usiku, mvua inanyesha. Juu ya ukuta mlinzi na taa yake. Nikasema naachia mshale. Dadu ikasimama kwenye 20, na 20 maana yake dadu zote za madhara unarusha mara mbili yake. Jamaa akanyamaza, akaniangalia, kisha akasimulia yule mlinzi alivyodondoka, kofia ikitangulia, na taa ilivyozimikia kwenye tope. Meza ikalipuka kwa kelele. Kijana mmoja wa Chikongola anayecheza Dwarf (mbilikimo) akanigongea kiganja. Ningeandika haya saa mbili usiku ule, mngesoma nyota tano.

Halafu tukaingia ndani.

Mnara nikauendea moja kwa moja. Mlango umefungwa. Nafungua kufuli, mimi Rogue, kufuli ndiyo kazi yangu. "Ngazi imeoza." Basi napanda ukuta kwa nje. "Mvua, unateleza." Hakuniambia hata nirushe dadu! Sasa mnara kauchora wa nini? Kisha akatushusha stoo ya chini, chumba cha miraba sita kwa sita, na mraba mmoja ni futi tano. Yaani upinde wa futi 600 ndani ya futi 30. Na adui akikusogelea mraba wa jirani, kupiga upinde unarusha dadu mbili unachukua ndogo.

Hilo nalo ningelimeza. Msimulizi ana haki ya kukubana. Kilichonipandisha mori ni kilichofuata.

Nikajificha nyuma ya mapipa, nikapiga, nikakosa. Zamu iliyofuata nikataka kurudi nyuma ya mapipa nijifiche upya. Rogue tangu levo ya pili anaruhusiwa kujificha kwa kitendo cha ziada kila zamu, mradi macho ya adui hayamfikii. Akasema hapana, umeshaonekana, umeonekana mpaka mapigano yaishe. Nikasema sawa, basi Sneak Attack bado ni halali yangu, kwa sababu Dwarf wetu yupo ubavuni mwa adui, na mwenzako akiwa ndani ya futi tano za adui kificho hakidaiwi. Akasema hapana. Nikatoa simu nimwonyeshe ukurasa.

"Dada, simu weka chini. Hapa kanuni ni mimi. Na kama unaogopa kusogea, pale nje wanacheza karata."

Watu wakacheka. Dwarf peke yake ndiye aliyesema, "Njomba, mwache apige," naye akaambiwa asubiri zamu yake.

Karata! Elfu tatu nimelipa kama wao, nauli ya bajaji sijaihesabu. Nimekalia kiti cha plastiki chenye mguu ulioungwa kwa waya, nakunywa soda ya moto, feni inalia juu ya kichwa, na dadu zake zimesuguka mpaka 6 na 9 huzitofautishi, na cha ajabu ikitoka kwangu daima ni 6. Wapo watakaoniambia yule bwana alikuwa ananitania. Utani una wenyewe. Mimi na yeye ndiyo kwanza tumeonana. Na huko kuogopa anakokusema, mchawi wao alisimama mlangoni usiku mzima akirusha moto kwa mbali, wala hajaambiwa neno. Mchawi anachezwa na rafiki yake.

Baadaye kidogo umeme ukakatika. "Jamani, nani ana simu yenye tochi?" Yangu ilikuwa chini, kifudifudi, palepale nilipoamriwa niiweke. Sikuigusa. Tukaendelea kwa kitochi cha simu ya mchawi, chaji ikiwa inakata roho.

Sasa hapa ndipo hukumu yangu inapoharibika. Gizani yule bwana ni hodari kuliko kwenye mwanga. Alimleta mkuu wa ngome akishuka ngazi kwa mlio wa viatu tu, akigonga vidole chini ya meza, polepole, anasimama, anaanza tena. Mtoto wa mwenye duka aliyekuja kuchungulia alikimbia. Kuna mahali nilisahau kabisa kama nimenuna. Nikakumbuka wakati wa kuondoka, aliponiambia "karibu tena dada" kana kwamba hakukutokea kitu.

Basi tuseme nyota mbili. Kama unacheza Barbarian au Paladin, mtu wa kugongana vifua, nenda hata wiki hii, utamfurahia, mpe nne kwa niaba yangu. Kama una mdunguaji, muulize kabla hujatoa hela: mapigano ni nje au ndani, na nikishapiga naruhusiwa kujificha tena? Akikujibu "tutaona," rudisha pochi. Au mjenge mwingine kabisa: Fighter mwenye mtindo wa Archery, umpe hand crossbow, ule upinde wa mkononi wenye kifyatulio, na kipaji cha Crossbow Expert. Adui akimsogelea haimsumbui, anapata na pigo la ziada, na masafa ya silaha yenyewe ni futi 30, utadhani mtu alikwenda kuipima stoo yake. Huyo ataishi pale. Mimi simtaki. Kupiga watu kwenye pua ningetaka, ningechukua rungu.

Nimemwandikia yule msimulizi ujumbe, wa adabu kabisa, nikamwambatanishia picha ya ukurasa unaohusu Sneak Attack. Kajibu kwa dole gumba. Hakuna samahani, hakuna "nimeona dada," dole gumba la njano limesimama peke yake. Nikairudisha nyota moja.

Ila Dwarf kaniambia safari ijayo ni ya jahazini, bahari wazi, maharamia wanakuja kwa mbali, na kwamba jamaa alimuuliza upinde mkubwa unafika futi ngapi. Sijui anauliza ili anipe nafasi au ili aninyime. Elfu tatu yangu nimeshatuma. Andikeni mbili na nusu mpaka nione kama huo mlingoti unapandika.