Pa kuhifadhi vali za redio: kagua sponji kabla ya kufuli

Wapenzi wa redio za vali (zile chupa za kioo zenye miguu, zilizofanya kazi ya transista katika redio za zamani) hapa Kisumu hulalamika jambo moja: vali ilikuwa na jina ilipowekwa, imetolewa bila jina. Lawama ziende kwa sponji. Maandishi ya vali ni wino uliopakwa juu ya kioo tu, na sponji laini ya makasha ya vifaa huoza kwenye joto na unyevu wa ziwa. Hunata, kisha huchunika pamoja na wino. ECC81, ECC82 na ECC83 zina umbo moja na miguu tisa iliyopangwa sawa. Jina likifutika, utachomeka ECC82 yenye ukuzaji wa takriban 17 mahali pa ECC83 yenye 100, halafu uanze kuilaumu transfoma. Vali nyingi za Philips na Mullard zina msimbo mdogo chini ya kioo usiofutika. Nyingine, zipoze kwenye friji kidogo kisha zipumulie. Huenda kivuli cha herufi kikaonekana.

Kati ya vyombo vya kuhifadhia, namba moja ni boksi la plastiki la chakula la Kenpoly, lenye kifuniko. Naam, Kenpoly nawapendelea. Nenda dukani na rula: kina cha ndani kisipungue sentimita 9. Ndani panga vijumba vya karatasi ya manila. Kwa vali za miguu tisa, kata kipande cha sentimita 10 kwa 8, kikunje mviringo, kingo zipandane sentimita 2, gundisha. Vali husimama miguu ikiwa juu, jina limeandikwa pia kwenye karatasi. DK96 na vali nyingine za redio za betri zina kipenyo cha milimita 19, basi ile sentimita 10 ya karatasi iwe 9. Waya wake wa moto ni mwembamba mno. Boksi lake lisipande bodaboda.

Pili, vikasha vyeupe vya karatasi vya kuagiza nje. Ni vizuri sana, ila usafiri na ushuru vinaweza kupita bei ya vikasha vyenyewe. Trei ya mayai? Matundu mapana, vali hucheza, mende hufurahia.

Vali za octal, yaani zenye kitako cha miguu minane, kama 6V6, zipewe boksi refu zaidi. Ziinue kwa kitako, kwa sababu kitako kimeshikwa na gundi tu.

Mwisho kabisa ni makasha ya alumini yenye sponji. Wauzaji huyapandisha bei kwa kuyaita ya “kitaalamu”, na ukiuliza sponji ni ya aina gani, unaonyeshwa kufuli. Hao hao huuza vali zikigongana ndani ya beseni. Kabla ya kulipa, tazama doa la rangi ya fedha ndani ya kioo: likiwa jeupe, hewa imeshaingia. Miguu iliyopinda usiinyooshe hapo hapo. Nyufa huanzia pale mguu unapoingia kwenye kioo.