Mafuta ya makonyo: mazuri kwa kigimbi, mabaya kwa kifundo kilichoteguka

Karafuu zikichambuliwa Pemba, vijiti vinavyobaki ndiyo makonyo, na hayo hupikwa kwa mvuke yakatoa mafuta makali ambayo wachezaji wengi wanayaamini kuliko bendeji. Ukali wake unatokana na yujinoli, kitu kile kile wanachotumia madaktari wa meno kutulizia jino. Kwa hiyo ganzi ni ya kweli. Kinachobaki ni kujua pa kuyapaka na kwa kipimo gani.

Kabla ya kununua, omba gilasi ya maji na udondoshe tone moja. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Tone likielea, lizamishe kwa kijiti: mafuta safi yatatulia chini, yaliyotiwa mafuta ya kupikia yatapanda tena. Jaribio hili halikamati kila ulaghai, lakini huo wa kupikia, ulio rahisi kuliko wote, linaukamata. Angalia na chupa. Iwe ya kioo cheusi, maana mafuta haya hula baadhi ya plastiki, na kifuniko kilicholainika ni dalili mbaya.

Kosa kubwa ni kuyapaka matupu. Ngozi inawaka, inakuwa nyekundu, pengine inatoa malengelenge, na mtu anasema "dawa inaingia". Haiingii popote, ngozi inaungua. Kipimo ni matone 10 ndani ya mililita 100 za mafuta ya nazi, yaani nusu asilimia. Nazi ikiganda, kama inavyoganda joto likiwa chini ya nyuzi 24, iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, kisha itikise. Paka kidogo ndani ya mkono, ungoje siku nzima. Usipake penye mchubuko wa mchanga, wala usifunge bendeji juu yake. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aachane nayo mpaka amuulize daktari wake.

Kwa uchovu wa baada ya mechi, hasa za ufukweni ambako kigimbi kinafanya kazi maradufu, mchanganyiko huu ni mzuri sana. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha mguu mmoja. Anza juu ya kisigino, panda taratibu kwa viganja, kisha kwa vidole gumba pale palipokaza, dakika 5 mpaka 10. Ishia chini ya goti. Nyuma ya goti pana mishipa, hapakandamizwi. Na kigimbi kimoja kikivimba chenyewe, kikawa cha moto na kinauma, usikiguse: huenda damu imeganda ndani, na hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kifundo kilichoteguka ni habari nyingine. Desturi ya kukinyoosha na kukichua papo hapo inazidisha uvimbe, kwa sababu mishipa midogo iliyokatika bado inavuja. Siku 2 au 3 za mwanzo: bendeji ya kuvutika, mguu juu ya mto, barafu ndani ya kitambaa dakika 10 hadi 15. Asiyeweza kukanyaga hatua 4, au anayeumia akibonyezwa mfupa wenyewe upande wa nyuma wa kifundo, akapigwe picha. Muuzaji anayesema mafuta yanaunga mfupa anauza maneno.

Maumivu yakiruhusu, kifundo kinataka mwendo. Mwanzo, andika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, alifu mpaka ye au A mpaka Z, upendavyo, mara 3 kwa siku. Baadaye simama kwa mguu ule peke yake sekunde 30, kwanza sakafuni, mchanga uje mwisho, kisha panda kwa vidole na kushuka polepole. Uwanjani unarudi ukiweza kurukaruka kwa mguu huo sawasawa na mwenzake, bila maumivu na bila mafuta. Ganzi inaficha maumivu, na maumivu ndiyo yanayokwambia kano haijapona.

Kuhusu ukubwa wa chupa: mililita 10 ni kama matone 200, yaani chupa 20 za mchanganyiko wa mililita 100. Kwa timu nzima, hiyo ni msimu na zaidi. Chupa ya nusu lita mwachie mwenye kiwanda cha sabuni.