Oska wangu, tanki lao, na lile jibu la "mkaange"

Jina la duka silitaji. Wapenzi wa samaki wa mapambo hapa Dar watalijua wenyewe, na wasiolijua Mungu awaepushie. Nilipanga kuwapa nyota mbili, maana haki ya mtu mpe: kioo chao hakijavuja hata tone. Tuone kama zitafika mwisho wa maandishi haya.

Mwaka jana, masika yamekwisha kwisha, nilikwenda kununua oska, samaki wa mapambo. Alikuwa mdogo, urefu wa kidole gumba. Nikamuuliza muuzaji swali moja, tena wanangu wakisikia: "Huyu akikua anafika wapi?" Akajibu bila kupepesa macho: "Dada, samaki anakua kulingana na tanki. Tanki dogo, samaki mdogo." Akaniuzia la sentimita 60 kwa 30, kimo 35. Ukizidisha ni lita 63, na hizo ni za kujaza mpaka ukingoni. Toa mchanga na mawe, hata 55 hufikishi.

Kauli ile ndiyo inayonichemsha mpaka leo. Oska asili yake ni Amazon, ukoo mmoja na sato wetu, na akitunzwa anafika sentimita 30. Haombi ruhusa ya kioo. Mnayemwona amedumaa kwenye tanki finyu, kadumazwa na maji yaliyojaa uchafu wake mwenyewe. Huo ni ugonjwa, si adabu.

Sasa niambieni, tanki lina upana wa sentimita 30, samaki ana urefu wa sentimita 30, ageukie wapi? Wangu hata huko alikuwa hajafika, na bado kila akigeuka mkia unagonga kioo, pap! Usiku mzima unasikia pap, pap. Watu tunaulizana lita, lita, kila mtu lita. Lita zina kazi yake, zinapunguza makali ya amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Lakini kwa samaki mkubwa anza na sakafu: urefu wa kuogelea na upana wa kugeuka. Na amonia nayo si mchezo, kwa sababu oska hana ustaarabu wa mezani. Anatafuna, anatema, makombo mengine yanamtokea mashavuni. Kile kifilta walichonipa kilikuwa kinazunguka tu kama wajibu. Nikibadilisha maji leo, keshokutwa ukungu.

Nikarudi dukani. Kwa upole, jamani, kwa upole kabisa. Muuzaji akanitolea kanuni mpya: sentimita moja ya samaki, lita moja ya maji, kwa hiyo lita 63 zinatosha na zinabaki. Hiyo ni ya samaki wadogo wembamba! Dagaa kumi ukiwapanga mstari wakafikia urefu wa sato mmoja, hawawi sato. Samaki wa umbo lilelile akiwa na urefu mara kumi, uzito wake ni karibu mara elfu, na uchafu wake unafuata mwili, haufuati rula. Nilipomwambia hivyo akanipeleka kwenye tanki jingine, refu kwenda juu, bei mara tatu. Lita nyingi, ndiyo. Upana? Thelathini ileile! Samaki atapanda ngazi?

Nikamwonyesha. Akacheka, akawageukia wenzake, akasema: "Dada, mbona unajitesa? Mkaange." Duka zima likacheka.

Nyota moja imeondoka hapo.

Sisemi ni matapeli. Huenda hajui, na kutojua si dhambi. Lakini wakati natoka, nikamsikia anamuuzia baba mmoja na mwanawe "papa mdogo" wa kuweka kwenye bakuli kubwa. Papa gani? Ni pangasi wa mto Mekong, huyuhuyu ambaye minofu yake inauzwa kwenye majokofu, ukubwani anapita mita moja. Na mtoto akauliza atakuwa mkubwa kiasi gani, akapewa jibu lilelile nililopewa mimi, neno kwa neno. Basi naifuta kauli yangu ya juu. Anajua. Nyota ya pili nayo kwaheri.

Kijana anayewaoshea vioo nje ndiye aliyenifuata mpaka barabarani: "Shikamoo mama. Tafuta mita moja na ishirini kwa hamsini, kimo hamsini. Oska mmoja tu, usimwongezee mwenzake." Kijana huyo ana nyota tano zangu zote, na duka lisizihesabu kuwa zake. Fundi mwingine alinitengenezea tanki hilo. Ni lita 300, yaani kilo 300 za maji kabla hujapima kioo, kwa hiyo fundi wa kuchomelea alinifungia stendi ya chuma. Meza ya sebuleni msithubutu. Oska sasa anageuka anavyotaka, na theluthi ya maji nabadilisha kila wiki.

Ila niseme ukweli, pampu yao ya hewa, ile ya betri inayojiwasha umeme ukikatika, sijaona ya kuishinda. Nahitaji ya pili. Nitamtuma mtu akaninunulie, maana mimi nikimwona yule bwana tutakosana mbele za watu.