Shimo jeusi lipi linafaa biti: la Perseus au lile la 2015?

Juzi jioni Bagamoyo tulikaa kibarazani, mimi na mwenzangu mpiga ngoma, tukibishana muziki wetu wa kompyuta uanzie wapi.

Yeye anataka Perseus. Shimo jeusi (mahali penye mvutano mkali hata nuru haitoki) lililo katikati ya kundi hilo la galaksi, miaka ya nuru milioni 250 kutoka kwetu, husukuma gesi ya moto inayolizunguka na kuacha mawimbi ya sauti. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba noti ya mawimbi hayo ni B bemoli, oktavi 57 chini ya C ya katikati ya piano. Wimbi moja hupita kwa takriban miaka milioni 10! Mwaka 2022 NASA waliipandisha oktavi 57 na 58 ndipo ikasikika: mvumo mzito, kama upepo ndani ya mtungi. Mzuri, ila haupigi hatua.

Mimi nataka mgongano ulionaswa na LIGO, mitambo ya Marekani ya kupima mawimbi ya mvutano, 14 Septemba 2015. Mashimo mawili, moja na uzito wa majua kama 36, jingine 29, yaliungana. Ishara ilipanda toka hezi (mitikisiko kwa sekunde) 35 hadi 250 ndani ya sekunde 0.2. Si sauti, ni mtikisiko wa nafasi yenyewe, si wa hewa, lakini masafa yake tayari yanasikika. Ukiirudiarudia inakuwa “wup!” inayokaa vizuri mbele ya mkwaju wa ngoma. Tatizo ni spika ya simu, inameza mwanzo wote. Tuliazima spika ya harusi.

Nimeshinda. Perseus wake nimemwekea chini, kwa mbali.